Kiti cha Nyuma

Nilisikia milango ya gari ikijifunga, tak, na mimi bado niko nje na ndovu.

Ndani alikuwa Geoffrey, ambaye wazee wake wangekuja kwetu Mbololo Jumamosi kuniposa. Dakika moja kabla tulikuwa sote nje mbugani, akinionyesha milima ya Ngulia kama vile ameijenga yeye.

Sikukimbia. Ndovu nimewaona shambani kwetu tangu utotoni. Nilisimama tu nikitazama kidole chake kwenye kitufe cha kufungia milango. Kucha ilikuwa imekatwa vizuri.

Ndovu akapita na vumbi lake jekundu.

Mlango ukafunguka. "Ingia, mpenzi. Gari ni la kuazima, unaelewa."

"Naelewa." Nikaketi kiti cha nyuma. "Tupitie kwa wazee wako kwanza, niwaambie wasihangaike kuja Jumamosi, dereva."