Pumzi ya Gunvor

"Anajua mwanawe hatarudi," Ilinca alisema kwa Kiswidi, "lakini akiufunga mlango atakuwa amekubali kwamba amekufa."

Mgeni aliyekuwa akimhoji alivuta pumzi kwa ghafla, mdomo wazi kidogo, macho yamemtoka, kama mtu aliyeona kikombe kinateleza mezani.

Ilinca akaona amemshtua. Amekosea, na mapema hivi! Hadithi aliyopewa asome ilikuwa ya mjane anayeacha mlango wazi baridi yote ya Januari, na swali lilikuwa moja tu: kwa nini? Alipokuwa akipanda ngazi asubuhi ile angeweza kuapa kwamba jibu analo.

"Au labda," akajirekebisha haraka, "ni uzee tu. Anasahau kuufunga."

Safari hii mgeni hakushtuka. Alinyamaza, akamtazama kwa upole, akaandika kitu. Ilinca akapata nafuu.

Pale chuo kikuu, mjini Cluj, somo lake kuu lilikuwa Kiromania. Kiswidi, pamoja na fasihi na mila za watu wa kaskazini, kilikuwa somo lake la pili, na baba yake alikuwa akilicheka tangu siku ya kwanza. "Kiswidi! Hapa Turda utaongea na nani, na theluji?" Lakini moyo wa Ilinca ulikuwa kwenye hilo la pili. Sasa, katika mwaka wa mwisho, ilikuwa imetokea nafasi ya kwenda kusoma huko huko kaskazini ya Uswidi. Nafasi moja, na waombaji waliobaki wawili, yeye na Horea. Akiikosa, atarudi kwao Turda kuuza mikate dukani kwa shangazi yake, na Kiswidi chake kitabaki cha kuzungumza na kioo.

Mgeni alikuwa ametoka chuo cha huko Uswidi kuja kuwasikiliza mwenyewe, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Alikuwa Mswidi wa kwanza Ilinca kumwona ana kwa ana. Wengine wote aliwajua kwa kuwasikia kwenye kanda za darasani. Aliitwa Gunvor, na ndivyo alivyotaka aitwe, Gunvor tu, bila profesa wala mama. Ulimi wa Ilinca ulikuwa mzito kulitamka jina la mtu mzima namna ile.

"Tuje kwenye mila zetu," Gunvor alisema. "Nimekualika nyumbani. Viatu unavua mlangoni?"

"Navua."

Ile pumzi tena, kali, ya kukatika.

"Yaani, sivui!" Ilinca akaruka. "Kama ni mgeni wa heshima, naingia navyo tu."

Kimya. Kalamu ikatembea. Vizuri, Ilinca akajiambia, afadhali sasa.

"Na wewe mwenyewe?" Gunvor aliinama mbele kidogo. "Giza letu la Desemba unalijua. Unataka kweli kuja?"

Hili halikuhitaji kufikiri. "Nataka kuliko kitu chochote," Ilinca alisema. "Giza halinitishi. Naamini mtu anayefaa ni mimi."

Gunvor alivuta pumzi kwa nguvu kuliko zote.

Ilinca akakumbuka somo. Mwaka wa pili Madam Crăciun, mwalimu wao, aliwafundisha mpaka wakachoka: kule mtu hajikwezi, hajisukumi mbele ya wenzake, na anayejisifu huonekana hana malezi. Naye amekaa hapo anajinadi kama muuza jibini wa sokoni!

"Samahani," alisema. "Nimesema vibaya. Si lazima niwe mimi. Horea anastahili zaidi."

Gunvor aliweka kalamu chini.

"Una hakika?"

"Nina hakika," Ilinca alijibu, huku akijipongeza kwamba angalau adabu ameionyesha.

Akatoka, Horea akaingia. Ilinca alikaa kwenye benchi la ukumbini, akashindwa hata kumeza maji. Horea alipotoka alikuwa anacheka.

"Hivi yule mama wa watu ana pumu?" akanong'ona. "Kila nikifungua mdomo, hewa inamkatika. Nikamwonea huruma, nikaendelea kubwabwaja hivyo hivyo."

"Kila ukifungua mdomo?"

"Karibu kila jibu, nakwambia! Nilitaka nimfungulie dirisha."

Ilinca aliinamisha uso asionekane anavyofurahi. Aliona aibu, lakini furaha haikuzuilika. Yeye alikuwa amemshtua mgeni mara chache tu, tena kila mara aliwahi kujirekebisha. Horea wa watu alikuwa amejimaliza mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Madam Crăciun, aliyekuwa ameitwa ndani kusikia uamuzi, alitoka akaenda moja kwa moja kwa Horea, akamshika mkono. "Hongera. Nunua koti zito."

Ilinca alisimama. Gunvor alikuwa amemfuata Madam Crăciun, na sasa alimsogelea Ilinca na uso wa mtu aliyeumia.

"Nilitaka uwe wewe," alisema taratibu. "Nilijaribu sana kukusaidia. Kila ulipopatia nilikwambia, nawe ukageuka papo hapo. Kwa nini?"

"Hukuniambia kitu," Ilinca alisema, machozi yakimlenga. "Ulikuwa unanyamaza. Au unashtuka."

"Kushtuka?" Gunvor alimtazama, kisha akamtazama Madam Crăciun, kisha akamrudia yeye. "Ilinca, ile pumzi ndiyo 'ndiyo' ya kwetu."