Nyati Katika Ukungu

Mashine ya rada iliandika neno moja tu kwenye kioo chake: nyati.

“Yuko wapi, dada Esteria?” aliuliza mlinzi wa shamba, bunduki mkononi. “Mimi sioni hata mgomba.”

Ukungu wa asubuhi ulikuwa umefunika mabonde yote upande huu wa Kasulu. Rada pekee ndiyo iliyoona. Nukta zilikuja polepole kwenye njia itokayo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mashine ikaziunganisha kwa mistari, kama ilivyofundishwa: nukta zinazokwenda pamoja ni mwili mmoja.

“Yupo karibu na korongo,” Esteria alijibu, na mlinzi akazama ukunguni.

Hapo mstari mmoja ulivutika, ukakatika. Nukta ya mwisho ilibaki nyuma. Kisha ikakimbia, ikajiunga tena.

Esteria aliinama karibu na kioo. Mnyama haachi mguu wake nyuma, kisha mguu ukamkimbilia. Lakini wanawake wa kambini wanaotafuta kuni hushikana kanga kwenye ukungu wasipotezane, na mkono wa mtoto huponyoka.

“Kaka, rudi! Ni watu!”

“Nyamaza, utamkurupusha!” sauti ilijibu kutoka mbali. “Si mashine yako imesema nyati?”

“Ee Bwana Mungu, nitangulie,” Esteria alinong'ona, akaacha kioo na kukimbia. Aliimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zake zote, ili kila sikio lijue kwamba ni mtu anayekuja.

Mbele yake, mtoto aliitikia.

Kushoto kwake, karibu sana, bunduki ilikokiwa.