Herufi za Kike

Mwalimu Aminiel alikuwa ameshalamba gundi ya bahasha nilipoinuka katika darasa letu la jioni, binti yangu akiwa bado ananyonya.

"Mwalimu, samahani. Usiifunge kwanza."

Orodha yake ya maneno ya sarufi ilikuwa ishuke Same na gari la asubuhi, ikapigwe chapa iwe kitabu cha madarasa yote ya jioni ya Upare. Ubaoni bado ilisomeka. B, D, K na wenzao alikuwa amezipa jina la herufi za kiume. A, E, I, O, U akaziita herufi za kike, "kwa sababu ni dhaifu, kazi yao kufuata nyuma."

Kitabu hicho ndicho binti yangu angekuja kukisoma.

"Kaa chini wewe, mnyonyeshe mtoto," alisema mzee mmoja wa benchi la mbele. Wenzake wakacheka.

"Nitakaa, baba. Mwalimu, naomba unitamkie hiyo B peke yake. Usiiongezee hata moja ya kike."

Akatabasamu, akabana midomo. Mashavu yakajaa, mshipa ukamtoka shingoni, wala hakikusikika kitu. Akajaribu tena. Kicheko kikaisha. Nikamwona yule mzee naye amebana midomo, anajaribu kichinichini.

Binti yangu akaachia ziwa, akawageukia.

"Aaa," akasema.

Mwalimu akashusha pumzi. Akaitazama bahasha, gundi yake ikiwa bado mbichi, kisha akapenyeza kidole chini ya mfuniko, akaitoa orodha.