Jumbe Nahumu Achagua Kiti

Usijifanye hukukiona. Kiti cha Filemoni kilipandishwa kutoka kijiji cha Yakobi hadi bomani Njombe mchana kweupe, kichwani mwa tarishi, miguu yake minne ikielekea mbinguni kama mbuzi aliyechinjwa, nawe ukainama kufunga kamba za viatu. Ulikuwa pekupeku.

Basi sikiliza kilivyotoka nyumbani kwa mwenyewe.

Jumbe Nahumu alikuwa na viti viwili tayari. Cha ndani kilikuwa cha kamba za ngozi, kimebonyea katikati kwa kulizoea umbo lake. Cha uani kilikuwa cha turubai, cha kukunja, alichoachiwa na Mzungu mmoja mpima ardhi; hicho kilistahimili jua, umande na kuku. Kilichomkosesha usingizi ni kiti cha kazi. Ijumaa Bwana Shauri mpya, Mzungu wa boma, angefanya baraza, na Nahumu alitaka aketi kando yake, watu wote wakiwa wamesimama. Akishaonekana ameketi pale mara moja, nani angemwinua tena?

"Kiti cha nyumbani kikujue," alimwambia Kefa, tarishi wake. "Cha nje kikuvumilie. Cha kazi kiwatishe waliosimama."

Wakazunguka Yakobi kujaribu. Kwa Manase alikalia kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Kwa Gideoni alikalia benchi. Gideoni akainuka upande wa pili kwa heshima, benchi likapinduka, jumbe akaenda chini, na nyumba nzima ikashikwa na kikohozi.

Kwa Filemoni ndiko alikokiona. Mninga mtupu, kina mikono na egemeo refu. Filemoni alikinunua Makambako kwa fundi Singasinga, akaja nacho juu ya lori la mahindi, akikishikilia njia nzima kama anayemshika mgonjwa. Kilikuwa katikati ya chumba, kitupu. Wanaume walikizunguka, wamekaa kwenye mikeka, Manase miongoni mwao, na Ema, mke wa Filemoni, alikuwa karibu na moto juu ya ngozi ya mbuzi, anachambua maharage. Mazungumzo yalikatika jumbe alipoingia.

"Kamwene."

"Kamwene, baba Jumbe."

"Mbona kiti hakina mtu?"

"Ni cha mgeni, baba," akasema Filemoni.

Nahumu hakuwa mjinga kabisa. Alijua boma linamsaka mkubwa wa mikutano ya siri, ile ya kukataa bonde la Yakobi lisipewe Mzungu wa mashamba ya miti ya miwati. Bonde likienda, watu wale wangebaki kulima mawe. Na mkubwa wao akikamatwa, wengine wangetawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe. Lakini siku hiyo Nahumu hakuwa akitafuta mtu. Alikuwa akitafuta pa kukaa.

Akaketi. Mikono ya kiti ikampokea.

"Hiki nakichukua."

Filemoni akasimama, ngumi zimekaza. Manase naye akasimama. Ema hakuinua macho. Aligonga ungo mara moja tu, na wote wawili wakakaa.

"Mpeni baba Jumbe kiti," akasema. "Mtu mkubwa asisimame kama nguzo. Ila baba, tuhurumie kwa jambo moja. Huyu Bwana mpya anaulizauliza. Akiona kiti kizuri hivi kimetoka nyumba ya nyasi, atasema tumeiba. Akitaka kujua ni cha nani, usitutaje sisi."

"Niwataje kwa lipi? Nitasema changu."

"Na usijiumeume, baba. Wazungu hawapendi mtu wa kusitasita."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kusema na Wazungu?"

"Aa, mimi wa jikoni tu, baba."

Ijumaa ilikuja na ukungu wake. Nahumu alikiweka kiti kuliani mwa meza ya Bwana Shauri, akaketi, akaufurahia mgongo wake ulivyonyooka. Watu wa Yakobi walijaa uwanjani, Filemoni mbele kabisa, macho yake hayabanduki kwenye pingu kiunoni mwa askari.

Bwana Shauri alikuwa na Kiswahili cha kitabuni. Kila neno alilitoa vipande vipande, kama anayetema mifupa ya samaki.

"Mimi najua yote," akasema. "Yakobi. Nyumba ya Filemoni. Leo nataka mtu mmoja tu. Nani... mwenye... kiti?"

Filemoni akapiga hatua mbele.

Nahumu akamwahi. Kumbe yule fukara angethubutu kumpokonya kiti hadharani!

"Mimi, Bwana," akasema, akipigapiga mkono wa mninga. "Mimi peke yangu. Huyo asikudanganye."

"Wewe? Una hakika?"

"Tangu mwanzo, Bwana. Waulize wenyewe."

Bwana Shauri akawageukia watu. Na watu wale, ambao hawakuwahi kukubaliana na jumbe wao tangu avikwe kofia, wakaitikia kwa sauti moja:

"Ndiye."

Pingu zilimkuta bado ameketi. Lori lilipomchukua kuelekea Makambako, sauti yake ilisikika mpaka kwenye kona, akieleza kwamba yeye alikuwa anazungumzia mbao.

Jioni kiti kilirudi Yakobi kichwani mwa Kefa yuleyule, sasa hana jumbe wa kumtuma. Wakakiweka katikati ya chumba, kitupu kama kwanza. Wanaume wakakaa kwenye mikeka, Filemoni akiwa wa mwisho, karibu na mlango. Wakasubiri. Ema akaingia kutoka jikoni, akaketi juu ya ngozi yake ya mbuzi, akauweka ungo kando.

"Mwenyekiti wenu nimefika," akasema. "Tulikuwa tumefika wapi juu ya bonde?"

Nawe unayefunga viatu usivyovivaa, mlango uko wazi na kiti ni cha mgeni. Ingia sasa hivi, ukikalie, useme.