Nyumba ya Emirdağ

"Mtarudi lini kwenu?" Godelieve, jirani yangu Mbelgiji, aliniuliza zamani, bila ubaya. Nikamjibu, mwakani, Mungu akipenda.

Waume zetu walifanya kazi kiwanda kimoja cha nyuzi hapa Gent, Ubelgiji, kwa mshahara uleule. Wa Godelieve alinunua nyumba. Wangu, Mungu amrehemu, aliendelea kupanga, akajenga nyumba ya ghorofa tatu Emirdağ, kwetu Uturuki.

Jana mwenye nyumba alituambia tuhame. Mwanangu alitia sukari kwenye chai, akakoroga mpaka ikapoa.

"Mama, tuuze ile ya kule, tununue hata kibanda hapa. Watoto wa Godelieve wamerithi nyumba. Mimi nirithi nini, kikohozi cha baba?"

"Nilishajaribu kuiuza."

"Lini?"

"Baba yako alipokufa. Mtaa mzima kule ni wetu sisi tuliohamia Gent. Kila mtu ana ghorofa lake, madirisha yamefungwa. Hakuna wa kununua, mwanangu."

Aliendelea kukoroga, kijiko kikigonga glasi.

"Hata kwa bei ya matofali?"

"Hata hiyo."

Alikilaza kijiko mezani taratibu, akavaa koti, akatoka.