Maji ya Kuchemsha

Tangu watu wachanjwe chanjo ya maisha, mamlaka iliacha kutia dawa kwenye maji, na vijidudu vya kipindupindu vikaachwa viogelee bombani vitakavyo. Mtaa mzima ulikunywa bila wasiwasi. Ni mwili wa Bi Mwanaidi tu uliokataa kinga, na kwa ajili yake Rukia, mke wa mwanawe, alipuliza kuni kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, macho mekundu kwa moshi.

Leo Rukia alimletea kikombe bila kumtazama usoni.

“Umechemsha, mwanangu?”

“Nimechemsha, mama. Yameshapoa.”

Bi Mwanaidi alichungulia jikoni. Paka alikuwa amelala fofofo katikati ya mafiga, juu ya majivu ya jana.

Hata Bi Mwanaidi mwenyewe alikuwa amechoka kuchemshiwa.

“Pole na kazi, mwanangu,” akasema, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.