Timu ni Yako

"Kuanzia leo timu ni yako," mwenyekiti wa klabu alisema, amesimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Kocha mkuu alikuwa amefukuzwa muda mfupi uliopita, baada ya kufungwa tena nyumbani.

Kocha msaidizi alikuwa amepiga magoti sakafuni, akimfunga beki bandeji. Goti lilikuwa limevimba, na joto lake alilihisi mpaka kwenye vidole. Hakuinua kichwa.

"Asante, mzee. Mimi nitabaki msaidizi."

"Unakataa tena?" Mwenyekiti alicheka, kisha uso ukabadilika. "Ndugu yangu, mkuu mpya anaweza kuja na msaidizi wake. Utakosa vyote."

"Nimekusikia." Akaizungusha bandeji, akaibana.

Mwenyekiti alitikisa kichwa, akaenda zake.

Beki alimkodolea macho. "Mjomba, umerogwa? Cheo kinakufuata mpaka humu ndani, nawe unakipiga teke?"

Msaidizi alimfikiria mkewe, ambaye angeuliza swali hilohilo jioni, tena kwa sauti ya kusikika kwa majirani. Angemjibu nini? Kazi yake aliipenda hivihivi ilivyo.

"Goti hili limeanza kukuuma lini?" akauliza.

"Si nilikuambia? Tangu wiki iliyopita."

"Na mkuu ulimwambia?"

Beki akatazama pembeni. "Nimwambie aniweke benchi?"

"Haya," msaidizi alisema. "Nyoosha mguu."